Sindano Tatu za Pudensiana

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na wote waliotangulia kwenye benchi walilijibu huku wakiendelea kuchezea simu zao. Umewahi kuchanjwa chanjo ya homa ya ini aina ya B? Unasema ndiyo au unasema hapana, unasogea mbele, unatoa mkono. Kassiani alipofika mezani alijikuna shingo, akatazama nje kwenye kamba za mashuka aliyoyaanika mwenyewe asubuhi ile, akasema, "Sijui."

Nyanzala, binti wa maabara aliyekuwa akijaza fomu, aliinua kichwa. "Hujui vipi, baba?"

"Nilichomwa sindano tatu. Kama zilikuwa chanjo au maji, hilo ndilo sijui."

Kwenye benchi kuna waliocheka. Nyanzala hakucheka. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia Katavi na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na utotoni aliwahi kumwona baba yake akichoma zizi zima dawa iliyokwisha muda, kisha ng'ombe wakafa vile vile. Kwa hiyo alijua kwamba sindano ni jambo moja na kilichomo ndani yake ni jambo jingine. Aliandika kitu kwa penseli pembeni mwa fomu.

"Ulichomwa lini?"

"Huu mwaka wa kumi na sita."

"Wapi?"

"Ziwani. Karema, mbele kidogo."

"Nani aliyekuchoma?"

"Mke wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu tangu ahamie Mpanda, na alipokwisha kulitamka alikaa, akakunja shati, akatoa mkono.

Hospitali ile ilikuwa imepokea watafiti waliotaka kujua mwili unafanya nini mtu anapochanjwa dhidi ya homa ya ini: seli gani za kinga zinaamka, jeni gani ndani ya seli hizo zinaanza kazi na zipi zinanyamaza, na kwa nini watu wawili waliochomwa siku moja mmoja anapata kinga na mwenzake anatoka mtupu. Walianza na wafanyakazi wanaogusa damu za watu, na katika hospitali yoyote dobi anagusa damu kuliko daktari, ingawa hakuna anayemwita daktari. Kassiani alikuwa dobi. Kwa miaka tisa alikuwa akifua mashuka ya wodi, akiyaanika, akiyakunja, kisha akirudi kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Majengo, mahali ambapo majirani walimjua kwa jina la Mzee wa Mashuka na kwa tabia ya kusalimia bila kusimama.

Baada ya kutoa damu kila mtu alipewa soda. Mhudumu alimuuliza, "Ya baridi au ya moto?"

"Ya moto," Kassiani alisema.

Alisema hivyo kila mahali, hata mwezi wa kumi, wakati Mpanda nzima inatafuta kivuli. Maji ya kunywa pia aliyataka ya mtungini tu, yasiyoonja friji. Hakuna aliyejua kwamba mzee huyo aliyekimbia baridi aliwahi kuwa mwenye barafu wa mwambao mzima, upande ule wa Karema.

Walimwita Kassiani wa Barafu. Lori lilikuwa likimletea mabonge ya barafu kutoka Mpanda na kurudi na migebuka yake, wale samaki wa ziwani, na katikati ya safari hizo mbili lilikuwepo sanduku lake: la mbao, limefunikwa bati ndani na nje, na kati ya bati na bati limeshindiliwa pumba za mbao. Watu walitania kwamba angeweza kumlaza humo shemeji mzima akaamka hajaoza. Naye aliringa. Wavuvi walipanga foleni mlangoni kwake, na kanuni yake ilikuwa moja tu, aliyoirudia hadi ikamchosha mkewe: barafu haizidi. Samaki haozi kwa barafu nyingi, anaoza kwa barafu kidogo.

Mkewe, Pudensiana, alikuwa nesi pekee wa zahanati ya kijiji. Miaka ile homa ya ini ilikuwa inawamaliza wavuvi kimya kimya. Mtu anaanza kuwa na macho ya njano, tumbo linajaa, wanasema karogwa. Ukaja mradi mmoja ukaleta chanjo ya watu wazima. Zilikuwa awamu tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu mwezi wa sita. Tatizo likawa friji. Friji ya zahanati ilikuwa ya gesi, na kwa karibu mwaka mzima ilisimama pale ukutani ikitumika kama kabati la madaftari. Ikabidi chanjo ije na lori jioni ya siku moja kabla, ilale kwenye sanduku la Kassiani, na asubuhi watu wachomwe.

"Weka pembeni," Pudensiana alimwambia siku ya kwanza, kidole kikiwa hewani. "Barafu isiiguse, na isikae juu yake. Hii sio samaki, Kassiani. Hii ikiganda inakufa, na ikifa hutaijua kwa harufu."

"Nimekusikia, Mama Paskalia."

Alikuwa amemsikia, ndiyo. Lakini mkewe alipokwenda jikoni alifunua sanduku, akaliona boksi la chanjo limekaa peke yake kwenye kona, mbali na barafu, kama mgeni aliyenyimwa chakula. Akafikiria jua la kesho. Akafikiria watu wakisema chanjo yetu imeozea kwa Kassiani wa Barafu. Akachukua mabonge mawili, akayaweka juu ya boksi, akafunika. Mwezi wa pili akafanya hivyo hivyo, na mwezi wa sita hivyo hivyo, na mara zote tatu hakumwambia mtu. Alifanya kwa nia njema. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna zaidi, maana angekuwa amefanya kwa ubaya angalau angejua aanzie wapi kutubu.

Asubuhi za chanjo yeye ndiye aliyeshika daftari la majina. Alimwona Pudensiana akichukua kichupa kimoja kimoja, akikitikisa, akikisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha na kukitazama kwa muda mrefu, macho ameyakunja. Kassiani alidhani anakoroga tu, kama mtu anavyotikisa chupa ya dawa ya kikohozi. Vingi alivitumia. Vichache alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalisukuma chini ya meza. Kassiani hakuuliza. Alipofika mwisho wa daftari alikunja shati, akachomwa na yeye, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mara ya tatu mkewe alimfinya sikio akamwambia sasa umekuwa mzee wa chuma.

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi, akainama chini ya meza, akatoka na kopo. Ndani mlikuwa na vichupa kumi na kimoja. Alivitikisa mbele ya watu wote waliokusanywa kwenye darasa la shule ya msingi, na kila mtu aliona chembechembe zikielea na kuzama upesi, kama maziwa yaliyokatika.

"Hizi zimeganda," alisema mkaguzi. "Chanjo iliyoganda ni maji."

"Hizo ndizo nilizozikataa," Pudensiana alisema. "Nilizowachoma watu zilikuwa nzima. Nilizipima moja moja."

"Zote zililala sanduku moja. Hizi ziligandaje, na zile zilifunikwa blanketi?"

"Nilizifunga kitenge."

Darasa zima likacheka. Alikuwa anasema kweli. Ndani ya boksi alikuwa amezifunga kitenge chake cha zamani na karatasi, lakini maneno mengine yakishasemwa mbele ya watu wanaotaka kucheka hayana nafasi tena. Mkaguzi alisubiri kicheko kiishe, akauliza nani aliweka barafu juu ya boksi.

"Nilimwambia mume wangu asiweke," Pudensiana alisema, akamtazama Kassiani.

Macho yote yaligeuka. Kassiani alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamemfika kifuani. Alitazama ubao. Mwalimu alikuwa ameandika hesabu za kujumlisha na hakuzifuta, na Kassiani alizijumlisha zote, moja baada ya nyingine, mpaka mkaguzi akasema basi, kama mume hakuweka, ni nesi mwenyewe.

Pudensiana alifukuzwa kazi. Wakambandika jina la Nesi wa Maji. Miaka minne baadaye mvuvi mmoja, Silvester, mtu wa mzaha na kuchekesha watu, alikufa tumbo limejaa, na msibani walisema wazi wazi kwamba naye alikuwa na sindano zake tatu za maji. Pudensiana alilima mihogo. Hakulalamika, na hilo lilimtisha Kassiani kuliko kelele. Ila alikuwa na tabia moja mpya: jioni baada ya kula, akishakusanya vyombo, alisimama mlangoni na sufuria mkononi akamuuliza, "Una neno, Kassiani?"

"Sina," Kassiani alijibu.

Waliishi hivyo miaka sita, kisha presha ikamchukua Pudensiana kwa siku mbili tu. Kassiani alizika, akauza sanduku kwa mtu wa Ikola, akapanda lori la samaki hadi Mpanda. Aliwaambia watu anatafuta kazi. Kwa kweli alikuwa anatafuta mahali ambapo hakuna mtu angemtazama na kumkumbuka mkewe.

Majibu ya kipimo cha kwanza yalitoka siku ya Alhamisi. Nyanzala alimfuata mwenyewe kwenye beseni za kufulia.

"Shikamoo, baba. Kingamwili hakuna. Sifuri."

Kassiani alikamua shuka lililokuwa mikononi mwake mpaka likakauka, na bado akaendelea kulikamua. Basi ilikuwa kweli. Watu mia tatu na kitu, na sindano tatu tatu, yote maji, na maji yenyewe yametoka kwenye sanduku lake. Pudensiana alisimama darasani akawatetea maiti. Hata vile vichupa alivyoviamini vilikuwa vimekufa, na muuaji alikuwa amekaa kwenye dawati anajumlisha hesabu.

"Baba, nisikilize. Bado hatujajua kitu."

"Si umesema sifuri?"

"Sifuri sio kwamba hukuchanjwa." Nyanzala aligeuza ndoo, akakalia. "Kingamwili zinaisha kwa watu wengi miaka ikipita. Mwili hauwezi kukaa unapika kila siku kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Lakini kama chanjo ilikuwa nzima, kuna seli ambazo zinabaki. Chache sana, zimekaa kimya, huwezi kuzijua. Hizo ndizo za kumbukumbu. Mgeni akibisha hodi tu, zinajua jiko liko wapi."

"Na kama yalikuwa maji?"

"Basi hazipo. Leo tutakuchoma sindano moja ya chanjo nzima. Kama mwili wako unaifahamu, baada ya wiki moja tu kazi itakuwa imepamba moto. Kama hauifahamu, utashangaa tu, uanze kujifunza upya taratibu, na wiki mbili zikipita nitapima nikute karibu sifuri tena. Na ugonjwa wenyewe hujawahi kuupata, tumeshaangalia. Kwa hiyo ukikumbuka, umekumbuka sindano, sio ugonjwa."

"Na hizo jeni mnazozitafuta?"

"Jeni ni maagizo. Kila seli yako inayo yote, ila haiyasomi yote kwa pamoja. Kesho nitachukua damu nione zinasoma ukurasa gani. Jumapili tena, na Alhamisi tena. Damu ya jeni inakwenda Dar, majibu yake ni miezi. Ya kingamwili nitakupa mwenyewe hapa hapa."

Alichomwa saa tano asubuhi, bega la kushoto, lile lile alilolichoma Pudensiana. Sindano ilikuwa ndogo na haikuuma. Alishangaa jinsi isivyouma.

Siku zilizofuata alizipitisha akijisikiliza. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akikunja mashuka, akisimama katikati ya kazi na kuweka kiganja juu ya bega kama anayesikiliza mlango. Alijaribu kusali na akashindwa, kwa sababu hakujua aombe lipi. Kama mwili haukumbuki kitu, yeye ndiye aliyeua chanjo ya kijiji kizima. Kama unakumbuka, basi Pudensiana alisema kweli tangu mwanzo, na yeye hakumwamini, akamwachia aibu ambayo haikuwa yake. Alipima huku na huku akaona kote kunauma. Mwishowe alijikuta, bila kupanga, anaomba mwili ukumbuke. Aibu yake mwenyewe alikuwa ameizoea. Aliyetaka asafishwe ni yule mwingine.

Jumapili, baada ya Nyanzala kumtoa damu ya siku ya tatu, simu iliita kwa wakati wake. Ilikuwa kila Jumapili, watu wakishatoka misa Karema, kwa miaka kumi bila kukosa. Paskalia alikuwa mtoto wake pekee, mama wa watoto watatu sasa, anauza dagaa. Alikuwa ndiye mtu wa pekee duniani aliyempigia Kassiani simu bila kukosea namba.

"Shikamoo, Baba. Umekula nini?"

"Marahaba. Ugali na kisamvu."

"Mgongo?"

"Upo."

"Unakuja lini? Chumba kipo, watoto wanakuulizia. Huyu mdogo anasema babu anaishi ndani ya simu."

"Nitakuja kazi ikipungua."

Wote wawili walijua kwamba mashuka ya hospitali hayapungui. Kwa nyuma Kassiani alisikia kuku na mtu anayesugua masizi ya sufuria kwa mchanga, na moyo ukamvuta kwenda kule hadi akashika kiti. Angeweza kusema wakati ule. Lakini kusema ilikuwa ni kumpoteza na huyu, kisha Jumapili zibaki za nini.

"Una neno jingine, Baba?" Paskalia aliuliza, kama alivyouliza kila mara kabla ya kukata.

"Sina," Kassiani alisema.

Alhamisi akatoa damu ya siku ya saba. Alhamisi iliyofuata alimaliza kufua mapema, akavaa shati safi, akaenda kukaa kwenye benchi la maabara kabla hajaitwa. Nyanzala alitoka na karatasi, akakaa pembeni yake badala ya kusimama, na Kassiani akajua kwamba lolote litakalokuwa, si dogo.

"Baba, ulikuwa sifuri. Mtu asiyewahi kuchanjwa leo angekuwa sifuri au tano, akijitahidi kumi. Wewe una elfu tatu na mia mbili."

"Maana yake nini?"

"Maana yake zile seli zipo. Miaka kumi na sita zimekaa zinasubiri, tumezibishia mara moja tu zimeamka zote. Hizo zilikuwa chanjo, baba, sio maji. Nzima kabisa. Aliyekuchoma alijua anachofanya."

Kassiani aliishika karatasi. Haikuwa na jina lake, ilikuwa na namba yake ya utafiti tu, na ile elfu tatu na mia mbili. Alitaka kuuliza jambo la akili na kilichomtoka kikawa kingine.

"Chanjo ikilaliwa na barafu, mtu anaweza kujua ipi imekufa na ipi nzima?"

"Anaweza, kama ana subira. Unatikisa, unaiweka mahali pa mwanga, unaangalia inavyotuama. Iliyoganda inazama haraka na inaacha maji maangavu juu. Nesi mwenye haraka hafanyi hiyo kazi. Kwa nini?"

"Alikuwa anaziweka dirishani," Kassiani alisema. "Mimi nilidhani anakoroga."

Kisha akamsimulia habari za Silvester. Nyanzala akamwambia kwamba mtu akishakuwa na ugonjwa kabla, chanjo haiutoi, hata iwe nzima namna gani, na kwamba ziwani wengi walikuwa nao tangu utoto. Kassiani aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, na binti yule wa watu alikaa naye tu, hakumpigapiga mgongo wala kumwambia nyamaza, mpaka alipoitwa ndani.

Mhudumu wa soda alipita. Kassiani hakumwona.

Alitoka akaenda nyuma, kati ya kamba za mashuka, mahali pekee hospitali nzima ambapo palikuwa pake. Pudensiana alikuwa ametakaswa saa nne na nusu asubuhi ya Alhamisi, na duniani waliojua walikuwa wawili, dobi na msichana wa maabara. Angewaambia majirani wa Majengo? Hawakujua hata kama aliwahi kuoa. Ukweli ule ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuupokea, na huwezi kumpa nusu. Akisema mama yako alikuwa sahihi, Paskalia atauliza swali la mkaguzi: nani basi aliweka barafu? Kassiani alipiga moyo konde, akatafuta namba. Kwa miaka kumi hakuwahi kuipiga yeye.

"Baba?" Sauti ya Paskalia ilikuja na hofu. "Leo sio Jumapili. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina neno."

Upande wa pili Paskalia alisikika akiweka chini kila alichoshika. Kassiani akasema. Alianza na karatasi, na elfu tatu na mia mbili, na seli zinazokumbuka, na alisikia Paskalia akivuta pumzi na kuizuia. Akaendelea kabla hajapoa. Alisema habari za mabonge mawili ya barafu, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Alisema habari za dawati na hesabu za ubaoni. Alisema, "Sanduku lilikuwa langu na mkono ulikuwa wangu, na mama yako nilimwacha peke yake." Alipomaliza, shuka lililokuwa mbele yake lilipigwa na upepo likamgusa uso.

"Alijua," Paskalia alisema.

"Nani?"

"Mama. Alijua tangu asubuhi ya kwanza. Alikuta boksi limelowa juu. Unafikiri alikuwa anavitikisa vile vichupa kwa nini, Baba? Unafikiri kitenge alikiweka cha nini?"

Kassiani alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwepo. Alichuchumaa.

"Hakuniambia," alisema.

"Alikuwa anakungoja useme mwenyewe. Siku ile darasani alikutazama akidhani utasema. Nyumbani alikuuliza kila jioni kama una neno. Miaka sita, Baba. Mimi nilikuwa nasikia kutoka chumbani." Sauti yake haikupanda, ilikuwa inashuka tu. "Siku ya mwisho, usiku wa presha, aliniambia: baba yako ana neno, usimlazimishe, wewe endelea kumuuliza. Nikaendelea."

Sasa ndipo Kassiani aliposikia Jumapili zote za miaka kumi kwa mara moja, na swali lililokuwa mwisho wa kila moja, lenye neno lile lile na mapumziko yale yale ya Pudensiana mlangoni na sufuria mkononi. Alikuwa amelijibu kila mara bila kulisikia.

"Nije?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kuna watu hapa bado wanajua walichomwa maji. Wengine hawajawahi kunisalimia. Hawa mimi siwaambii. Utawaambia wewe, palepale darasani, na hiyo karatasi yako."

"Sawa."

"Gari la huku linaondoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Nalijua."

"Basi," Paskalia alisema, na simu ikakatika.

Kassiani alibaki amechuchumaa chini ya mashuka, simu bado sikioni, anangoja. Ilimchukua muda kuelewa anangoja nini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, Paskalia alikuwa amekata bila kumuuliza kama ana neno jingine.